Tozeni faida, msitoze pango: barua ya wazi kuhusu kodi, riba na nyumba za kupangisha Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya fedha na mipango, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi na makaazi. Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Uongozi wa TRA upande wa Zanzibar. Na Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania.

Assalamu alaykum.

Waheshimiwa, kila mmoja wenu ana kipande chake katika hesabu ya nyumba ya kupangisha. ZRA ina VAT na ushuru wa stempu, TRA ina kodi ya mapato, Benki Kuu ina riba, wizara ya ardhi ina hati na ada za uhaulishaji, yaani kuhamisha umiliki. Kipande kimoja kikiangaliwa peke yake ni kidogo, na ndivyo kinavyotetewa kila bajeti inaposomwa: asilimia mbili hapa, ada ndogo pale. Mwenye nyumba yeye anaangalia kinachobaki mwisho wa mwaka. Hicho ndicho kinachoamua kama atajenga nyengine, atatengeneza paa, au atamwachia mpangaji nyumba inayovuja.

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Ina vyumba viwili vya kulala, iko Mbweni au Fumba, bei shilingi milioni 150, pango 1,100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 13,200,000, yaani asilimia 8.8 ya bei, na hii ndiyo namba anayoambiwa mnunuzi siku ya kuoneshwa funguo. Sasa tuanze kupunguza. Mwezi mmoja kwa mwaka nyumba inakaa tupu, mpangaji ametoka na mwengine hajaingia: zinabaki 12,100,000. Matengenezo, tukiyawekea asilimia moja ya bei, ni 1,500,000. Ada ya huduma ya jengo, kwa maana ya ulinzi, taka, taa za ngazi na pampu, tuseme 100,000 kwa mwezi: 1,200,000. Bima pamoja na malipo ya ardhi na jengo, 400,000. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye pango lenyewe, ya asilimia 10 juu ya pango lililopokelewa, 1,210,000. Mfukoni zinabaki 7,790,000. Ukigawa kwa milioni 150 unapata asilimia 5.2 hivi.

Hiyo asilimia moja ya matengenezo wengi huidharau, hasa wanaokuja na hesabu za Nairobi au Dubai. Kisiwani chumvi haina likizo. Koili ya nje ya kiyoyozi huliwa, rangi ya ukuta unaoelekea bahari hubabuka, na nondo zilizowekwa kwenye zege la mchanga wa pwani usiooshwa hushika kutu, zikavimba, zikapasua zege kutoka ndani. Mchanga halali wa ujenzi Unguja ni haba na unapatikana kwa kibali. Ukipanda bei, mjenzi anashawishika kuchanganya na wa pwani, na gharama aliyoikwepa leo inamrudia miaka michache baadaye kama tengenezo kubwa. Kwa hiyo mwenye nyumba makini hutenga fedha hizo kila mwaka hata kama mwaka huo hakuna kilichoharibika.

Asilimia 5.2 ni kwa aliyenunua kwa fedha zake mwenyewe. Aliyekopa yuko mahali pengine kabisa. Mkopo wa milioni 90 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15 una rejesho la karibu 1,259,600 kila mwezi. Limeshapita pango kabla hatujafika kwenye taka na ulinzi. Riba hiyo ikipanda hadi 17, rejesho linakuwa 1,385,100. Tofauti ni 125,500 kwa mwezi, au 1,506,000 kwa mwaka, ambayo ni zaidi ya kodi yote ya zuio ya nyumba hiyo. Ili mmiliki aifidie tofauti hii kwa pango peke yake, akikumbuka kwamba mwezi mmoja ni mtupu na katika kila shilingi mia anayopokea kumi zinakwenda zuio, inabidi apandishe pango kutoka 1,100,000 hadi karibu 1,252,000. Hilo ni ongezeko la asilimia 14 hivi kwa sababu ya pointi mbili za riba. Mpangaji ambaye mshahara wake haujapanda hawezi kulibeba. Atahama, na mwezi mtupu mmoja utakuwa miwili.

Benki Kuu ilianza kutumia riba ya sera, ile inayoongoza riba za mabenki, Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, na Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Hatuna ugomvi na maamuzi hayo. Tunachosema ni kwamba mkopaji wa nyumba hakuhisi kitu. Hata kama benki ingeuhamisha mshuko wote wa robo asilimia kwenye mkopo wa mfano wetu, rejesho lingepungua kwa shilingi 15,000 tu kwa mwezi. Linalomuumiza ni pengo kati ya riba ya sera na riba ya kaunta anayotozwa mteja, na mikataba inayosema riba "inaweza kubadilika" bila kusema inafuata kipimo gani. Riba ya sera ikipanda, barua inafika haraka. Ikishuka, posta inachelewa. Gavana anaweza kuzitaka benki ziandike kwenye kila mkataba wa nyumba kipimo kinachofuatwa, nyongeza ya benki juu ya kipimo hicho, na tarehe za mapitio kwenda juu na kwenda chini.

Kuna jambo kubwa zaidi kwa Zanzibar, nalo linatajwa kwa nadra kwenye vikao vya kodi. Wazanzibari wengi hawataki mkopo wa riba kabisa. Njia yao ni murabaha (benki inanunua kisha inamuuzia mteja kwa faida iliyotajwa), ijara (benki inampangisha mteja), au musharaka wa kupungua, ambapo benki na mteja wanainunua nyumba pamoja na mteja anaununua upande wa benki kidogo kidogo huku akilipa ijara ya sehemu iliyobaki. Kisheria mpango huo una mauzo mawili: muuzaji kwa benki, kisha benki kwa mteja. Kama kila uhaulishaji unatozwa ushuru wa stempu na ada zake, na benki ikahesabiwa kuwa imepata faida ya kuuza mali, mteja aliyekimbia riba atalipa mara mbili kwa nyumba moja ambayo jirani yake wa mkopo wa kawaida ameilipia mara moja. Uingereza, nchi isiyo ya Kiislamu, iliuondoa ushuru huo wa mara mbili mwaka 2003. Tunaomba sheria zetu zitamke wazi, bila kumwachia afisa wa dirishani, kwamba mauzo ya kupitia benki katika mipango ya namna hii ni uhaulishaji mmoja. Bodi ya Uhaulishaji Ardhi nayo iwe na fomu moja kwa hatua zote mbili. Hapa hazina haipotezi chochote, kwa sababu miamala hii kwa sasa haifanyiki kwa wingi wa kutosha kuingiza mapato ya kutajika.

Sasa tufike kwenye kodi ya zuio, ambayo ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Tatizo letu na asilimia 10 ni kule inakopigiwa. Inakatwa kwenye pango zima, kabla ya matengenezo, bima, ada wala riba. Anayeendesha upangishaji kama biashara na kupeleka hesabu TRA huruhusiwa kutoa gharama hizo, na zuio likahesabika kuwa malipo ya awali. Lakini mtu binafsi mwenye nyumba moja au mbili, asiyehesabiwa kuwa na biashara, kwake zuio chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ni kodi ya mwisho. Hakuna anachotoa, hakuna anachodai. Na huyo ndiye mwenye nyumba wa kawaida wa Kwerekwe, Tomondo, Kiembesamaki na Chake Chake.

Angalieni inavyofanya kazi. Katika mfano wetu, faida kabla ya kodi ni milioni 9, kwa hiyo asilimia 10 ya pango ni zaidi ya asilimia 13 ya faida. Huyo ni asiye na mkopo. Mwaka ule anapobadilisha bati na boriti kwa milioni 8, faida yake inashuka hadi milioni 1, na kodi inabaki 1,210,000 ile ile. Amepata hasara, na kodi amelipa. Jirani yake ambaye amekaa miaka kumi bila kugusa ukuta analipa kiasi hicho hicho, na mfukoni amebaki na zaidi. Mfumo wa namna hii unamlipa anayeiacha nyumba ioze.

Mji Mkongwe hili linaonekana kwa macho. Ukuta wa mawe na chokaa unataka chokaa. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani na boriti huoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali ambapo hakuna anayeziona. Kazi ya chokaa ni ya polepole, mafundi wake ni wachache, na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kinataka michoro. Yote hayo ni fedha, na kodi inayokatwa juu ya pango zima haitambui hata shilingi moja yake. Nyumba za wakfu zina mzigo wa ziada: nyingi zina pango la zamani ambalo halifikii hata gharama ya mlango mmoja wa mninga. Kule suala ni pango lenyewe, na Kamisheni ya Wakf inahitaji ruhusa ya kulipandisha kwa hatua, kwa sharti kwamba ongezeko liende kwenye paa la nyumba hiyo hiyo.

Tunajua kodi ya mapato ni jambo la Muungano na Baraza la Wawakilishi haliwezi kuibadilisha peke yake. Linaweza kuiombea. Ombi letu linatosha kifungu kimoja: mtu binafsi mwenye pango la nyumba za kuishi achague kati ya mambo mawili, ama zuio la mwisho kama lilivyo, ama kupeleka hesabu fupi ya ukurasa mmoja yenye makato ya matengenezo kwa risiti za kielektroniki, bima, ada ya huduma na gharama za fedha, ikiwemo ijara ya benki. Atakayechagua hesabu atawadai mafundi na maduka risiti, na ZRA itavuna kwa upande wa pili kile ambacho leo hakionekani.

Hapa pana kosa dogo la hesabu linalofanyika kila siku. Mpangaji akiwa ni kampuni au shirika, hukata zuio kabla ya kulipa. Mwenye nyumba anayetaka milioni moja safi huongeza asilimia 10 na kuandika 1,100,000. Baada ya zuio anapokea 990,000. Namba sahihi ni milioni moja ukigawa kwa 0.9, yaani 1,111,111. Mpangaji mtu binafsi mara nyingi hakati chochote, kwa hiyo nyumba mbili zinazofanana kwenye ngazi moja zina mzigo tofauti, na madalali wanajua vizuri nani wa kumpelekea nani.

Zuio likipandishwa kutoka 10 hadi 15, makusanyo ya karatasini yanaongezeka nusu. Kwenye nyumba ya mfano, mapato halisi yanashuka kwa 605,000 hadi 7,185,000. Mnunuzi anayetaka kubaki kwenye asilimia 5.2 yake hatalipa tena milioni 150, atalipa milioni 138 na kidogo. Kodi ya laki sita kwa mwaka imefuta thamani ya karibu milioni 11.6 siku ilipotangazwa, na aliyeumia ni yule aliyekuwa ameshanunua. Jambo hilo hilo hutokea bila kodi kuguswa, pale fedha inapopata pahala pengine pa kukaa. Hati fungani za Serikali, au Sukuk ya Zanzibar (hati fungani isiyo ya riba) iliyozinduliwa 2025, hazina mpangaji mkorofi wala tangi linalovuja. Mwekezaji akianza kutaka asilimia 6 badala ya 5.2, nyumba ile ile ina thamani ya milioni 130 kwake.

Dola nayo ina lake. Nyumba nyingi mpya zinauzwa kwa dola na kupangishwa kwa shilingi. Nyumba ya dola 60,000 ilikuwa milioni 138 pale dola ilipokuwa 2,300, kiwango kilichodumu hadi mwanzoni mwa 2023. Ilipofika 2,600 mwaka 2024, bei ikawa milioni 156. Kwa pango la 1,100,000 pato la jumla limeshuka kutoka asilimia 9.6 hadi 8.5 bila mtu kupandisha kodi wala riba. Mtumishi aliyesaini awamu za malipo kwa dola huku mshahara wake ni shilingi ameongezewa asilimia 13 kwenye kila awamu. Wapo walioacha nyumba katikati kwa sababu hiyo. Mkataba wa kununua jengo ambalo halijakamilika ungelazimika kuonesha, kwa shilingi, kila awamu itakuwa ngapi dola ikipanda kwa asilimia 10 na 20. Ni jedwali la mistari mitano tu.

VAT ya asilimia 15 kwenye vifaa inaingia kimya kimya. Mjenzi wa nyumba tatu Tomondo hana namba ya VAT ya kuidai: akinunua saruji, nondo, bati na vigae vya milioni 80, milioni 12 za VAT zinakuwa sehemu ya nyumba, na atazitafuta kwenye pango kwa miaka. Mradi mkubwa uliosajiliwa ZIPA, mamlaka ya uwekezaji Zanzibar, unaweza kupata misamaha kwenye vifaa vya ujenzi. Hatuombi miradi hiyo inyimwe. Tunaomba nafuu ndogo kwa mjenzi mdogo wa nyumba za kupangisha kwa mwezi, irudishwe baada ya jengo kukamilika na kukaguliwa, ili isiishie kwenye saruji inayouzwa tena Darajani. Tunasema "kwa mwezi" kwa makusudi. Wageni walizidi 700,000 mwaka 2024, na Paje, Jambiani na Nungwi nyumba ya mgeni wa siku tatu inamshinda kwa bei mwalimu na mhudumu wa hoteli. Nyumba ya wageni itozwe kama biashara ya wageni, nafuu ibaki kwa ya wakaazi.

Kwenye kuuza, mkaazi hulipa asilimia 10 ya faida. Aliyenunua kwa milioni 60 miaka kumi iliyopita na kuuza kwa 150 ana faida ya 90, kodi milioni 9. Kama aliongeza banda la nyuma, kisima na ukuta kwa milioni 20 na ana risiti, kodi inashuka hadi milioni 7. Kama hana, hizo milioni mbili zimekwenda, na wengi hawana kwa sababu fundi alilipwa taslimu kivulini mwa mwembe. Tathmini ya mthamini aliyesajiliwa, ikiambatana na kibali cha ujenzi cha wakati huo, ingekubaliwa badala ya risiti za kazi zilizofanyika kabla ya risiti za kielektroniki kuanza.

Pemba inahitaji hesabu yake. Nyumba ya milioni 60 Chake Chake inapangishwa 250,000. Baada ya mwezi mtupu, zuio na asilimia moja ya matengenezo zinabaki 1,875,000, yaani asilimia 3.1, na hapo hatujagusa bima. Saruji na nondo zinabeba nauli ya bahari, pango ni dogo, na kiwango cha kodi ni kile kile cha Mbweni. Mwenye fedha Mpemba anajenga Unguja, kisha tunashangaa Wete hakuna nyumba za kuwapangisha watumishi wapya.

Na wakati. Bajeti inasomwa, na mabadiliko yanaanza tarehe 1 Julai. Mikataba ya pango hapa hulipwa miezi sita au mwaka mzima mbele. Aliyepokea pango la mwaka mwezi Machi hawezi kumrudia mpangaji Julai. Mabadiliko yoyote ya kodi ya pango, zuio au kodi ya majengo yaanze kwenye mkataba mpya au unaohuishwa, au miezi 12 baada ya kutangazwa, lolote litakalotangulia. Kama kuna wazo la kukata kodi ya majengo kwenye mita za TUKUZA, za umeme wa kulipia kabla, kama Bara walivyoanza kwenye LUKU mwaka 2021, jueni kwamba anayenunua umeme ni mpangaji. Bila risiti yenye jina la mmiliki na haki iliyoandikwa ya kuitoa kwenye pango, mpangaji atalipa kodi ya nyumba isiyo yake.

La mwisho ni la kuanza nalo, kwa sababu halihitaji sheria. Kabla ya kila bajeti, Wizara ya Fedha itoe hesabu ya nyumba nne: ghorofa ya Fumba, nyumba ya kawaida Kwerekwe, nyumba ya chokaa Mji Mkongwe, na nyumba ya Chake Chake. Kila moja ioneshe pango, miezi mitupu, matengenezo, ada, kodi zote za ofisi zenu zote, na rejesho kwa riba ya sasa na kwa riba iliyopanda pointi mbili. Safu ya kwanza kwa viwango vilivyopo, ya pili kwa vinavyopendekezwa. Iwekwe hadharani siku 30 kabla ya kikao cha Baraza, kwa Kiswahili, iwe na jina la afisa wa kupokea masahihisho. Tuko tayari kuileta rasimu ya kwanza mezani kwenu bila malipo.

Kwa heshima,

Wathamini, wahasibu na wenye nyumba wa Unguja na Pemba